Majani Namba Kumi na Saba

Wifi yangu si mjinga. Naanza na hilo kwa sababu nimechoka kuwasikia watu saluni kwangu wakimsema kana kwamba alichuma majani ovyo njiani akamlisha mumewe. Hata kidogo! Mimi ni msusi, nimeshika vichwa vya watu miaka ishirini, na siri za mtaa huu zote zimepita hapa kwenye kiti changu. Nakwambia sijaona mwanamke makini kama yule. Umakini ungekuwa unaponya, kaka yangu angekuwa hai leo, amekaa hapo mlangoni ananitania unene wangu.

Mtaani tulimwita Mama Chupa. Alikuwa mwosha vyombo kwenye maabara ya chuo, jengo la nyuma, ghorofa ya pili, wanakochunguza mimea. Chupa, mirija, vikombe vya kupimia, vyote vilipita mikononi mwake, mara tatu kwa maji ya bomba, mara tatu kwa maji yaliyosafishwa, halafu kwenye oveni vikauke. Wanafunzi walimwogopa kuliko profesa wao. Ukimrudishia chupa yenye gundi ya lebo, anakufuata nayo mpaka mezani kwako, anaiweka mbele ya wenzako na kukuuliza, "Mwanangu, kwenu mnakula kwenye sahani ya jana?"

Kaka yangu alikuwa fundi rangi wa magari. Alirudi nyumbani na mikono ya rangi tatu, na mkewe akamsimamisha mlangoni mpaka anawe. "Sikuoa mke, nimeoa wodi," alikuwa anasema, huku ananawa. Hawakujaliwa mtoto, na sijui kama ni kwa sababu hiyo, lakini walikuwa wanapendana mpaka inaudhi. Mtu mzima na nywele nyeupe, anamsubiri mkewe pale kituoni kila jioni amchukulie mkoba.

Miaka thelathini alipuliza rangi bila kufunika pua. Akitoka kwenye ule ukungu wa rangi anawasha sigara, eti anasafisha koo. Nilisema mpaka nikachoka. "Mdogo wangu," ananijibu, "wewe vuta vumbi la nywele za watu, mimi niachie langu." Kikohozi kilipoanza akakificha. Vitambaa vyenye damu alivichoma karakanani pamoja na matambara ya rangi. Kijana mmoja wa kazini kwake ndiye aliyekuja kuniambia, na mimi, unavyonijua, sikungoja jioni. Nilimfuata kule kule karakanani nikamshika mkono kama mtoto mtoro, tukaenda hospitali.

Uvimbe ulikuwa pafu la kulia, ukubwa wa yai la kuku. Daktari wetu alikuwa mwanamke mdogo tu, mwenye viatu vya raba na sauti ya chini, na hakutupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alisema, "Siahidi kupona. Ninachoweza kuahidi ni kupigania muda. Dripu sita, kila moja baada ya wiki tatu. Zikimkubali, anaweza kupata mwaka, miwili, na wapo waliopata zaidi."

Miaka miwili. Nakumbuka wifi alivyolirudia lile neno tukiwa tunashuka ngazi, taratibu, kama mtu anayejaribu kiatu. Basi tulichokuwa tunakitafuta ni hicho, miaka miwili ya kaka yangu. Hatukuomba zaidi.

Sasa nikueleze ya maabara, na nitaeleza kama wifi alivyonieleza mimi, maana mimi sayansi yangu inaishia kwenye dawa ya nywele.

Pale walikuwa wanafuga seli za saratani ya mapafu. Ndiyo, wanazifuga! Zilitoka mwilini mwa mtu fulani zamani, mwenyewe akafa, zenyewe zikaendelea kuishi kwenye chupa, zinalishwa maji mekundu na kutunzwa kwenye kabati lenye joto la mwili. Bosi wa chumba kile tulimwita Mtafiti, bwana mmoja mwembamba anayesahau kula. Kazi yake ilikuwa kuchukua mmea, kukausha majani kivulini, kuyasaga, kuyaloweka siku tatu kwenye pombe ya maabara na kuchuja, mpaka apate kitu cheusi kizito kwenye kichupa. Kila mmea una namba. Kitu hicho anawadondoshea wale wadudu wake, yaani zile seli, kwenye kisahani cha plastiki chenye vishimo tisini na sita. Baada ya siku mbili anatia rangi ya njano. Kwenye seli hai, ile njano inageuka zambarau. Zilipokufa, inabaki njano.

Wifi ndiye aliyevipokea visahani vikishasomwa, akavimwagia klorini na kuvitupa. Kwa hiyo kwa miaka alikuwa ameona zambarau. Zambarau, zambarau, zambarau. Mimea kumi na sita ilikuja na ikaondoka na zile seli hazikujali. Halafu ikaja namba kumi na saba.

Sitautaja huo mmea. Najua watu. Nikiutaja leo, kesho hautabaki hata mzizi. Ila ulikuwa umeota kwenye uzio wa chuo chenyewe, watu wanaupita kila siku na mbuzi hawaugusi. Siku walipousoma, mistari yote ya kumi na saba ilitoka njano tupu, juu mpaka chini. Mtafiti aliruka, akamkumbatia wa kwanza aliyemkuta, na huyo alikuwa Mama Chupa na ndoo yake ya klorini.

Hiyo ilikuwa wiki ile ile ambayo kaka aliwekewa dripu ya kwanza.

Mwenzangu, wewe ungefanya nini? Mumeo yuko nyumbani anatapika mpaka nyongo, nywele zinabaki kwenye mto, na wewe kazini umekiona kwa macho yako kitu kinachoua ugonjwa wenyewe. Si habari ya kusikia kwa jirani. Si tangazo la redio. Umekishika mkononi. Wifi alimuuliza Mtafiti, kwa kuzunguka, mtu akinywa je? Na Mtafiti, sitamsingizia, alimjibu kweli. Alisema, "Mama, kuua kwenye kisahani ni rahisi. Hiyo klorini yako inaziua zote kwa dakika kumi, na hakuna anayeinywa. Ngumu ni kuziua hizo na mtu abaki. Hapo bado hatujafika. Labda miaka kumi. Labda tusifike kabisa."

Wifi alinisimulia hayo jikoni kwake, anakata kitunguu.

"Miaka kumi," alisema. "Wifi, kaka yako ana miaka kumi?"

Nikasema hana.

"Basi."

Ningeweza kusema kitu pale. Mdomo huu haujawahi kukosa neno, waulize wateja wangu. Lakini nilikuwa nataka kaka yangu aishi, na nilipomtazama yule mwanamke na kisu chake na macho yake makavu, nilimwamini kuliko hospitali nzima. Mfa maji haachi kutapatapa, na sisi tulikuwa wawili ndani ya maji.

Alifanya kila kitu kama maabara, na zaidi. Alichuma majani asubuhi kabla ya jua kali, akayakausha kivulini kwenye shuka jeupe, akayapima kwenye mizani ndogo. Ile pombe ya maabara hakuitumia, alijua inapofusha mtu. Alitumia maji ya moto. Alichuja mara mbili. Alikuwa na daftari la shule la kurasa mia, humo ndani ameandika siku, gramu, uzito wa kaka, kalala saa ngapi, kakohoa mara ngapi. Profesa angeliona angemwajiri upya. Na kaka akapewa kikombe asubuhi na kikombe jioni. Kilikuwa kichungu mpaka machozi yanamtoka. "Hii ndiyo inaua saratani?" aliuliza siku ya kwanza. "Mimi naona inataka kuanza na ulimi."

Baada ya dripu ya pili walimpiga picha. Uvimbe ulikuwa umepungua karibu nusu.

Loh! Furaha ile! Daktari mwenyewe alitabasamu, akasema dripu zinamkubali vizuri sana. Sisi tukatazamana. Tulikuwa tunajua kitu ambacho yeye hajui, ndivyo tulivyojiona. Kwenye ngazi wifi alinifinya mkono mpaka ukaniuma, akaninong'oneza, "Kumi na saba." Siku hiyo kaka aliomba tusipande gari, tutembee, na akatembea mpaka nyumbani, anasimama simama, anasalimia kila mtu. Jioni wifi akaongeza gramu. Kama kidogo kimepunguza nusu, kingi kitamaliza. Si hesabu hiyo?

Dripu ya tatu hakuipata. Walimpima damu asubuhi ile, daktari akarudi na karatasi akiwa amekunja uso. Ini halikuwa sawa. Alisema dawa ya dripu ni kali na inataka ini lenye nguvu, kwa hiyo wasubiri wiki moja. Halafu akatuuliza swali, akiwa amekaa kabisa, anatutazama mmoja mmoja. "Kuna kitu kingine anachotumia nyumbani? Dawa za majani, unga, chochote? Sitagomba. Nataka kujua tu."

Kaka aliangalia chini. Wifi aliangalia dirisha. Mimi ndiye niliyejibu. Nilisema, "Hapana, daktari."

Kwa nini? Nimejiuliza mpaka nimeota mvi. Nadhani ni vile ambavyo watu hujibu tu. Daktari anauliza, unasema hapana, kama unavyosema nzuri ukiulizwa habari. Na niliogopa angetunyang'anya. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nimelisema hilo hilo kwa watu wengine saluni, kwa sauti, na kitana mkononi.

Wiki iliyofuata ini lilikuwa baya zaidi. Wakasogeza tena. Na sisi nyumbani tukasema, unaona, hospitali wameshindwa, dripu wanamnyima, kimebaki kikombe. Wifi akaongeza gramu. Wiki ya tatu wakasogeza tena, na ya nne. Kila wakisogeza, yeye anaongeza. Kila akiongeza, ini linazidi, na wao wanasogeza. Leo naliona wazi kabisa, mtoto wa darasa la pili angeliona. Wakati ule sikuliona, wallahi sikuliona.

Halafu macho ya kaka yakaanza kugeuka njano.

Nilipoyaona nilipiga kelele. Nilikuwa nimempelekea machungwa, akafungua mlango, jua likampiga usoni, na yale macho yalikuwa njano kabisa. Nikamwita wifi, nikamwambia, wee, mtazame mumeo! Akaja anajifuta mikono. Hakushtuka. Jamani, hakushtuka! Alimshika kidevu akamgeuzia kwenye mwanga, akamtazama jicho moja, akamtazama la pili, kama anavyokagua chupa. Halafu akaniambia kwa sauti ya mtu anayemtuliza mtoto, "Njano, wifi. Njano maana yake zinakufa."

Miaka yote ile mbele ya visahani, hilo ndilo alilofundishwa na kazi yake. Zambarau zinaishi, njano zinakufa. Hakuna mwanamke mwingine duniani ambaye angeyaona macho ya mumewe yamekuwa njano akafurahi. Daftarini aliandika tarehe, akapigia mstari mara mbili. Na mimi nikatulia. Nikamenya machungwa.

Tulipoteza wiki tisa. Nimezihesabu.

Siku ya Jumanne moja wifi alikuwa kazini, na mimi ndiye niliyempeleka kaka kliniki. Alikuwa ameshakuwa wa kushikwa. Picha mpya ilikuwa imetoka, na daktari alifunga mlango kabla hajasema. Uvimbe ulikuwa umerudi, mkubwa kuliko mwanzo, na umeingia kwenye mifupa. Kisha akavuta kiti akakaa mbele ya kaka, magoti yao yanakaribiana, akasema, "Baba, ini hili si la saratani. Nimeshaona maini kama hili. Niambie ni majani gani."

Kaka akamwambia. Yote. Majani, uzio, kikombe, gramu. Daktari alisikiliza, hakumkatiza, na alipomaliza alifunika uso kwa mikono miwili, kidogo tu, halafu akaitoa. Alitueleza bila kutusimanga, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kilichopunguza uvimbe kilikuwa dripu. Majani yakaharibu ini, ini likazuia dripu, na uvimbe ukapata nafasi. Kwenye kisahani hakuna ini, alisema. Kwenye kisahani hakuna figo, hakuna damu, hakuna mtu.

"Tukiacha leo?" niliuliza. "Ini si linapona?"

"Linaweza," alisema. "Lakini hatakuwa na mwili wa kubeba dripu tena. Tungejua ile siku ya kwanza niliyowauliza..." Hakunitazama, na hakukuwa na haja.

Nililia pale kama mwehu. Kaka hakulia. Alisugua rangi ya zamani iliyokuwa imebaki kwenye ukucha wake wa gumba, halafu akauliza kitu ambacho sikukitegemea.

"Hii ya majani, imeandikwa kwenye faili?"

Daktari akasema lazima aandike.

"Andika. Lakini mke wangu asiambiwe."

"Kaka..."

"Nyamaza, mdogo wangu. Nitakufa, hilo limekwisha. Yeye atabaki ndani ya nyumba ile peke yake. Akijua hili, ataishi nalo vipi? Kila akishika kikombe?" Akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa mfupa mtupu. "Mdomo wako huo hauna breki, najua. Ufunge mara hii moja tu. Niapie."

Nikaapa.

Na sasa sikia alichofanya kaka yangu. Tulirudi nyumbani, wifi akaja kutoka kazini, akachemsha, akachuja, akaleta kikombe. Nilidhani atasema hakitaki, kinywa kimechoka, chochote. Akakipokea kwa mikono miwili. "Karibu, chai yangu ya kifalme," akasema. Akanywa mpaka chini, akageuza kikombe kumwonyesha. Asubuhi tena. Jioni tena. Nilikuwa nakaa kwenye kochi lile namwangalia anajimiminia uchungu ule kooni ili mkewe asione tofauti, na nilitamani kupasuka. Akitoka wifi chumbani, kaka ananikazia macho. Siku moja alinifanyia ishara ya kufunga zipu mdomoni, kisha akacheka, kicheko kikamletea kikohozi.

Alikwenda hivyo siku kumi na tisa. Alifariki asubuhi, wifi akiwa amemshika miguu, anaipasha joto.

Msibani, kila aliyempa mkono, wifi alimwambia neno lile lile. "Tulichelewa kuanza," alisema. "Ingekuwa tumeanza mapema." Nilisimama nyuma yake na kanga mdomoni. Nililitunza neno la kaka mwezi wa kwanza, wa pili, mpaka wa saba. Usiniulize lilivyonikaa. Nilikonda, mimi! Wateja wakanipongeza, wakauliza nakula nini.

Mwezi huo wa saba alikuja Mwalimu. Ni jirani yake wifi, ukuta kwa ukuta, mama mtu mzima anayefundisha hesabu shule ya msingi. Wiki iliyotangulia alikuwa ameniambia wamemkuta na kitu kwenye pafu, kidogo, wamekiwahi, na dripu inaanza Jumatatu. Akaomba nafasi Jumamosi nimnyoe zote kabla hazijaanza kudondoka, maana hakutaka kuzikuta kwenye mto, alisema, na akacheka kama anayelia. Jumamosi akaja, nikachukua mkasi. Akanishika mkono.

"Weka mkasi, shoga. Leo nisuke. Nisuke vizuri, ndefu, zifike mgongoni."

"Na dripu?"

"Nimewaambia nitakwenda mwezi ujao. Kwanza najaribu kitu." Akashusha sauti, uso wake unang'aa. "Wifi yako ananisaidia. Anasema kosa lao ni kuchelewa, na mimi nimewahi. Nimeanza juzi."

Sikumbuki nilimwambia nini. Nakumbuka nilimwacha kwenye kiti na taulo shingoni, nikatoka, nikavuka barabara na ndara za saluni miguuni.

Wifi alikuwa jikoni. Shuka jeupe lilikuwa limetandazwa sakafuni, majani juu yake. Alianza kuniuliza mbona natweta. Nikasema kaa. Akakaa kwenye kigoda. Nami nikamwambia. Sikupanga maneno, yalitoka kama yalivyotoka, ini, dripu, Jumanne, mlango uliofungwa. Nikamwambia na langu, kwamba daktari aliuliza na mimi ndiye niliyesema hapana. Alinisikiliza bila kupepesa. Nilingoja anitukane. Nilingoja aseme daktari ni mwongo, kaua na sasa anatafuta wa kumtupia lawama. Ningeshukuru.

Aliuliza, "Kwa hiyo alikuwa anakunywa akijua?"

"Ndiyo."

"Tangu hiyo Jumanne?"

"Ndiyo, wifi."

Niliona midomo yake inahesabu. "Siku kumi na tisa," alisema. "Asubuhi na jioni." Kisha, "Jioni ile ya mwisho alikuwa hawezi kushika kikombe. Nilimlisha kwa kijiko. Nusu saa nzima. Kila nikidhani amelala anafungua mdomo." Akanitazama. "Na hapo pia alikuwa anajua?"

Nikasema, "Alikuwa anajua."

Alisimama, akaviringisha shuka na majani yake yote, akalitia kwenye ndoo, akamwaga klorini juu yake. Halafu akatoka, miguu mitupu, nami nyuma.

Mwalimu alikuwa amesharudi kwake, taulo langu bado shingoni, amenikasirikia. Chupa ilikuwa mezani, kati ya madaftari ya wanafunzi. Wifi aliinyooshea mkono, Mwalimu akaiwahi akaikumbatia.

"Nipe, Mwalimu. Nilikosea."

"Ulikosea nini? Si ulisema umeona kwa macho yako zinakufa?"

"Nimeona. Nipe."

"Aa, sikupi! Mumeo ulimpa mpaka siku ya mwisho, mimi jirani unaninyima?" Alikuwa anarudi nyuma. "Sitaki dripu, Mama Chupa. Naiogopa. Wewe ndiye ulinipa matumaini. Usinifanyie hivi."

Nilifungua mdomo nimsaidie wifi. Akanizuia kwa mkono, hakugeuka. Alisimama katikati ya sebule ile, na akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kuwaambia wanafunzi chupa haijatakata, "Mume wangu alikuwa anapona. Dripu ilikuwa inamponya, mimi nikampa hiyo. Nimemuua kwa hiyo uliyoishika. Alijua, akanyamaza nisijue. Sasa nimejua. Nipe."

Mwalimu alimtazama, akanitazama mimi. Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Akaiachia.

"Umekunywa mara ngapi?" wifi aliuliza.

"Mara nne."

"Jumatatu nenda. Waambie mara nne. Wakuulize kila kitu na uwajibu kila kitu."

Alipogeuka kutoka, alifika mlangoni akakaa chini kwenye kizingiti, chupa mapajani. Siku ya mazishi hakulia, na watu walimsema kwa hilo. Pale alilia, na majirani wakatoka kuuliza nani amekufa. Nilikaa chini nikamshika, naye hakunisukuma wala hakunishika. Alichokuwa anasema kilikuwa kimoja tu, akikirudia, kwamba alimlisha kwa kijiko.